Gemu ya kijipaka cha skafu nyekundu: mmetuuzia msiba mkaufunga kwa karatasi ya zawadi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Jina la gemu silitaji, sitaki kuwapigia debe bure. Walioicheza wataijua.

Picha zote dukani ni kijipaka chenye skafu nyekundu kinachogawa barua kijijini. Rangi za peremende, kinanda kinalia polepole, sungura wanapunga mikono madirishani. Maelezo: tulia, pumzika, wafurahishe majirani. Umri: inafaa kwa wote. Basi. Nikanunua, nikakaa na mpwa wangu wa miaka 8, yeye anabonyeza, mimi namsomea.

Jioni ya kwanza raha tupu. Ya pili, taa zikaanza kuzimika nyumba moja baada ya nyingine. Sungura mshonaji hafungui mlango. Bata haonekani. Kumbe zile barua zote zilikuwa za kuaga! Kila aliyetukabidhi barua alikuwa ameamua kujiua, na sisi tulikuwa tunazikimbiza kwa shangwe ili tupate nyota. Kisha skrini ikauliza, "Zimebaki mbili. Utapeleka?" Kitufe ni kimoja tu: Ndiyo.

Mtoto akanigeukia: "Mjomba, kwani sisi ndio tumewaua?"

Nilizima kompyuta nikasingizia imeharibika. Mlitaka nimjibu nini?

Nikaomba nirudishiwe pesa. Sheria ya duka: uwe umecheza chini ya saa mbili, na uombe ndani ya siku 14. Sisi tulishapita saa tatu. Na taa ya kwanza inazimika lini? Saa mbili zikishapita. Sisemi wamepanga, ila imewaangukia vizuri mno.

Najua kuna watakaokuja hapa na wimbo wao wa "onyo linaharibu utamu". Acheni hizo. Doki Doki Literature Club ilitoka 2017, tena bure: wasichana wa katuni, klabu ya fasihi, mashairi, vicheko. Ukiifungua tu inakwambia haifai kwa watoto wala kwa wanaofadhaika upesi. Watu wakasoma, wakakubali, na bado wakaduwaa. Ile gemu inafuta mafaili ya wahusika wake yenyewe, na kuna mahali huendelei mpaka uingie kwenye folda ufute faili la mhusika kwa mkono wako. Onyo limepunguza nini pale? Omori ya 2020 nayo, michoro kama ya penseli za rangi, inakutajia tangu mwanzo kwamba ndani kuna sonona, wasiwasi na kujiua. Mstari mmoja tu, na siri ya hadithi haijaguswa.

Kwa hiyo msinichanganye. Sipingi gemu za giza, nimezicheza nyingi na nitazicheza tena. Hata hii, mtoto alipolala niliiwasha nikaimaliza peke yangu, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba imeandikwa vizuri. Ile sehemu paka anakuta barua yenye jina lake mwenyewe, nilikaa kimya muda mrefu. Lakini hapo mimi mtu mzima nimechagua. Mpwa wangu alichagua paka.

Nimewaandikia watengenezaji, aya nne, kwa adabu zote. Wamejibu leo: "Asante kwa maoni yako!" na chini yake kikatuni cha paka anayepunga mkono.