MV Liemba: irudi kazini au iwe makumbusho?

Mwanaujiji: Wakuu, Liemba, meli yetu ya abiria ya Ziwa Tanganyika, iliegeshwa Kigoma 2018, na kila ukarabati ukitajwa hawakosi watu wa kusema iwe makumbusho. Napinga. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa makasha kama 5,000 hadi Dar, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaingia majini Februari 1915. Yote hayo ili ibebe watu na mizigo. Itengenezwe.

Kabwela wa Dar: Chuma cha zaidi ya miaka 100 kibebe roho za watu? MV Bukoba iliyozama 1996 mmeisahau? Watu wa Kigoma mnang'ang'ania mabaki ya Mjerumani, ambayo hata Mwingereza aliyazamisha.

Mwanaujiji: Mabaki? Futa hilo neno, mkuu. Na Mwingereza hakuizamisha! Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916 isitekwe vitani, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakiwa wameipaka mitambo grisi tele ili siku moja waje kuiopoa. Mwingereza aliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Mzee wa Reli: Wabelgiji mnawaruka. Wao ndio waliotangulia kuiibua, ikazama tena palepale Kigoma.

Kabwela wa Dar: Mjerumani, Mbelgiji, Mwingereza. Mtanzania yuko wapi hapo?

Binti Kirando: Yuko kwenye mtumbwi, kaka. Enzi zetu huku Kirando, mwambaoni, hakukuwa na gati. Ikipiga honi usiku, mitumbwi inaikimbilia, mtoto anapokezanwa mikononi mpaka juu, mama anafuata, kisha magunia ya dagaa. Na 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi kwao Kongo. Usituambie ni mabaki.

Mzee wa Reli: Halafu mnaotaka makumbusho ya meli ya mvuke, mvuke uko wapi? Mitambo ile ilitolewa miaka ya 70, ikafungwa ya dizeli.

Kabwela wa Dar: Basi hata meli si ile tena.

Mwanaujiji: Ni ile! Bodi halijabadilika, ni lile la Papenburg.

Kabwela wa Dar: Hilo bodi ndilo ninalolisema tangu mwanzo, nanyi mnanijibu habari za Wabelgiji. Wakaguzi watangaze hadharani chuma chake kimebaki unene gani. Bila hivyo mwanangu hapandi.

Binti Kirando: Wa kwako ana barabara. Mgonjwa wa mwambao huku masika apite wapi?