Mayai ya konokono kwenye tangi la maji chumvi: niyakwangue au niyaache?

Hamjambo wadau. Niko Kisumu na ndiyo, nafuga samaki wa bahari ilhali ziwa la maji baridi liko hapo chini. Majirani wameshanicheka vya kutosha. Tangi ni lita 120, joto nyuzi 26, lina matumbawe laini na konokono wanne wa kula mwani.

Tangu Jumatatu kioo cha nyuma kimejaa vitone vyeupe, vigumu, kama ufuta uliobandikwa kwa gundi. Nimekwangua kwa kadi kuukuu ya benki, alama zimebaki palepale. Nasikia watoto wakianguliwa huelea tu majini, na wengi huishia kwenye pampu au kuliwa. Sasa niyaache, ama nitumie wembe? Aliyewahi kujaribu, matumbawe yake hayakudhurika?