Makinga maji na kisiki hai: vinabadilisha mvua, joto na maji ya kijiji?

Swali

Habari zenu, wakulima wenzangu. Ninalima ekari tatu za mtama na alizeti wilayani Kondoa, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa misimu minne nimechimba makinga maji, yaani mitaro ya kuzuia maji ya mvua yasitiririke, kwa kufuata kontua (mistari ya mwinuko sawa), na kwa njia iitwayo kisiki hai nimeacha visiki vya miti ya asili vichipue, nikipogolea na kubakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Sasa mtama wangu hustahimili ukame wa katikati ya msimu kuliko ulivyokuwa. Hata hivyo, jirani yangu wa bondeni analalamika kwamba lambo lake halijai upesi kama zamani, ilhali wazee wananiambia kwamba miti hii itarudisha mvua. Naomba ukweli wa hayo mawili, kwa kuwa sitaki kustawi kwa kumnyima mwenzangu maji.

Jibu la kwanza

Kuhusu mvua, usijipe matumaini makubwa. Mvua ya kanda ya kati huletwa na ukanda wa mawingu unaofuata jua kuelekea kusini, pamoja na pepo zenye unyevu kutoka mbali, na ekari tatu haziwezi kuubadilisha mwendo huo. Misitu mikubwa kweli hurudisha unyevu mwingi angani, lakini hilo ni jambo la maeneo mapana mno. Joto ni habari nyingine. Udongo ulio wazi hupata moto sana saa sita mchana, ilhali ule uliofunikwa kwa matandazo au kivuli hubaki na ubaridi, na maji yanayotoka kwenye majani kama mvuke huchukua joto yanapoondoka. Mabadiliko hayo utayahisi shambani mwako mwenyewe, bila kungoja kijiji kizima.

Jibu la pili

Jirani yako hakosei, na ninafurahi kwamba umemsikiliza. Maji yaliyokuwa yakitiririka juu ya ardhi na kufika lambo siku ileile sasa yanazama kwako. Sehemu inanywewa na mtama na haitarudi kwake, na sehemu inashuka polepole hadi kwenye maji ya ardhini. Kwa upande mwingine, lambo lake litapokea tope kidogo zaidi, na tope ndilo linaloyaua malambo mengi. Nakushauri uache mlango wa kutolea maji mwishoni mwa kila kingamaji, uliopangwa mawe, ili mvua kubwa ipite salama hadi bondeni.

Hapo Kondoa mna somo la karibu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi, lakini wafugaji ndio waliobeba gharama, jambo ambalo mimi binafsi naona halizungumzwi vya kutosha.

Jibu la tatu

Naongeza kuhusu miti, kwa kuwa wingi wake una kipimo. Utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miti ya wastani, iliyotawanyika mashambani, huingiza maji mengi zaidi ardhini kuliko ardhi tupu au msitu mnene: mizizi hufungua udongo, lakini miti ikizidi hunywa kuliko inavyoingiza. Mikaratusi karibu na chemchemi usiipande kabisa. Ukiwa na ile migunga inayopukutisha majani masika na kuchipua kiangazi, itunze, kwa sababu haigombani na mazao.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Kabla ya Desemba nitafungua milango ya mawe kwenye makinga mawili ya chini, na nimekubaliana na jirani kwamba kila mwezi tutapima pamoja kina cha maji katika kisima chake kwa kamba yenye mafundo, tuone kama maji ya ardhini yanabadilika.