Nimeuziwa diski ya breki iliyochongwa na kupakwa rangi kama mpya, sasa naambiwa kosa ni kufunga mwenyewe

Wanajamvi, kwa wiki tatu nimekuwa nikijibiwa kwa dharau na mtu aliyeniuzia kifaa cha breki, na leo naandika nikiwa na hasira ambayo nimejitahidi kuizuia ili hoja yenyewe isipotee.

Breki za mbele za gari langu zilikuwa zimeanza kulia kwa sauti nyembamba kila nilipokanyaga. Nilinyanyua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi, nikatoa matairi na kukuta pedi za ndani zimebaki chini ya milimita 2. Diski zilikuwa zimelika hadi milimita 22.6, ilhali zimegongwa maandishi yanayokataza kuzitumia zikishuka chini ya milimita 23. Hapo hapakuwa na mjadala. Nilinunua diski mbili na seti nzima ya pedi, na muuzaji akanihakikishia kwamba kila kitu ni kipya, bado kimo ndani ya boksi na nailoni yake.

Kazi niliifanya nyumbani, na nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo inayotumiwa kunifunga mdomo. Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, niliitundika kwa waya kwenye springi, sikuiacha ining'inie kwenye mpira wake wa oili. Habu, yaani kitovu cha gurudumu ambacho diski hukaa juu yake, niliisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, kwa kuwa punje ndogo ya kutu ikibaki kati ya habu na diski, diski hukaa upande na kuyumba kila inapozunguka. Pistoni nilizirudisha ndani taratibu huku nikichungulia kopo la oili ya breki lisifurike, pini zinazoteleza nikazipaka grisi ya silikoni ambayo haiharibu mipira, na nati za tairi nikazikaza kwa kupishanisha, kwa spana ya kipimo, kama kitabu cha gari kinavyotaka. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, nilikanyaga pedali mara kadhaa hadi ikawa ngumu. Anayesahau jambo hilo hugundua kwamba hana breki akiwa tayari barabarani.

Kosa langu ni moja, na nalikiri. Diski ya kulia ilitoka kwenye nailoni ikiwa na mafuta ya kuzuia kutu, nami nikayafuta kwa dawa ya kusafishia breki. Ya kushoto ilikuwa kavu kabisa, imepakwa rangi ya fedha hadi ndani ya matundu ya kupitisha hewa. Nilidhani ni toleo bora zaidi! Sikupima hata moja, maana nani hupima kitu kilichotoka kwenye boksi lililofungwa?

Siku ya kwanza pedali ilikuwa inapwitapwita kwa mbali chini ya mguu. Nikajipa moyo kwamba pedi na diski bado hazijazoeana, nikaendesha kwa utaratibu, nikipunguza mwendo polepole bila kusimama ghafla. Baada ya kilomita 300 hivi, kila nilipokanyaga breki nikiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani ulitetemeka kiasi cha kunitia hofu.

Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwa sentensi moja kwamba bidhaa ikifungwa nyumbani dhamana yake imekufa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema hivyo wakati wa kupokea pesa, alibadili wimbo na kudai kwamba sikusafisha habu. Basi nikaazima geji ya saa, ambayo hupima kuyumba, na mikromita, ambayo hupima unene, nikafungua upya.

Niliibana diski ya kushoto kwenye habu kwa nati zote, nikaweka ncha ya geji karibu na ukingo na kuizungusha polepole. Iliyumba kwa milimita 0.17, wakati kiwango kinachokubalika kwa magari mengi ni takriban 0.05. Nikaweka alama ya chaki mahali ilipopanda zaidi, nikaitoa, nikaisogeza tundu mbili za nati mbele na kuifunga tena. Kama kosa lingekuwa la habu, mahali pa juu pangebaki palepale kwenye habu; lakini pamehama pamoja na chaki, yaani pamehama pamoja na diski. Kisha nikapima unene. Ya kulia ilikuwa milimita 25 kamili. Ya kushoto ilikuwa 23.3 upande mmoja na 23.4 upande mwingine, mapacha hao wa boksi moja! Nilichokonoa rangi ndani ya matundu kwa msumari, na kutu nyekundu ikamwagika kiganjani kama unga. Hiyo ni diski kuukuu iliyopelekwa kwenye mashine ya kuchonga, ikachongwa vibaya, ikapakwa rangi na kuvishwa nailoni.

Nilimtumia picha za vipimo vyote. Utetezi wake wa tatu ukawa kwamba nimekanyaga breki kwa nguvu na joto limeipinda. Nakubali kwamba joto huharibu diski, lakini sijawahi kuona joto linalomeza milimita 1.6 za chuma kwa kilomita 300, tena upande mmoja wa gari tu, na kisha likaweka kutu ya miaka chini ya rangi.

Sidai fidia ya usumbufu. Ninadai diski mbili mpya zinazolingana, kwa sababu breki za ekseli moja hubadilishwa kwa jozi, pamoja na pedi, kwa kuwa hizi zimekwisha kulika kwa kufuata uso wa diski mbovu. Gari bado liko juu ya stendi, nami sitalishusha likiwa na kifaa ambacho kimebakiza milimita 0.3 tu kufika kikomo chake.

Ujumbe wa mwisho wa muuzaji, ulioingia jana jioni, unanitaka nimpeleke fundi aliyefunga ili wazungumze naye "kitaalamu". Fundi huyo ameshamwandikia mara nne, na ndiye anayeandika hapa.