Naomba ushauri: Inca Trail au Salkantay kwenda Machu Picchu?

Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu kinajipanga kwenda Peru mwezi wa saba, tutembee kwa miguu mpaka Machu Picchu. Roho yangu iko Inca Trail: siku 4, kama kilomita 43, njiani unapita magofu ya Wainka kama Wiñay Wayna, halafu unauingia mji wa kale wa Machu Picchu kupitia Lango la Jua. Ila vibali ni 500 tu kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo, na vinawahi kuisha. Salkantay haina kibali cha namna hiyo, lakini inapita juu zaidi, zaidi ya mita 4,600.

Kinachoninyima usingizi ni dada yangu. Kilimanjaro aliugua tukiwa Horombo, mita 3,720, akatapika usiku kucha ikabidi ateremshwe. Mji wa Cusco penyewe, wa kufikia kabla ya safari, ni kama mita 3,400, na Warmiwañusca, sehemu ya juu kabisa ya Inca Trail, ni 4,215.

Mliowahi kwenda, mlikaa Cusco siku ngapi kabla ya kuanza? Dawa ya asetazolamidi, ile ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, iliwasaidia? Na akizidiwa katikati ya njia, anashushwaje? Hilo la mwisho naomba mnijibu kwa kina, tafadhali.