Kompyuta za steshenari na za skuli: matangazo yazuiwe kwa lazima au tuyaache?

Mwenye steshenari, Chake Chake

Assalaam alaykum. Naleta hili kwa sababu barazani limetushinda. Nina kompyuta tatu za mtumba, kila moja RAM (memori) yake GB 4. Wateja wangu wengi ni wanafunzi, wanakuja kutafuta mitihani ya miaka iliyopita, wanachapisha, wanaondoka. Juzi kijana wa kidato cha nne alitaka karatasi ya Hesabu. Ukurasa ukafunguka na vitufe vitatu vikubwa vya kijani, vyote vimeandikwa "Pakua". Cha kweli kilikuwa maandishi madogo ya buluu, chini kabisa. Akabonyeza kile kikubwa, na mie ningekibonyeza hicho hicho. Ikaingia programu ya "kusafisha kompyuta" ambayo hakuna aliyeiagiza, na kivinjari kikawa kinajifungulia kurasa za kamari mbele ya mtoto wa skuli. Asubuhi nzima ilinipotea naitoa.

Kwa hiyo nasema: kompyuta yoyote inayokaliwa na kila mtu, ya skuli, ya steshenari au ya maktaba, iwe na kizuia matangazo, yaani kiprogramu cha kivinjari kinachoyaficha matangazo, na iwe lazima. Mwenzangu mmoja barazani anasema huo ni wizi. Semeni.

Mwenye tovuti, Unguja Mjini

Na mie nasema ni wizi. Naandika habari za mpira na za mitaani, sina mshahara. Jina la tovuti nalilipia, seva nailipia, bando la kupandishia picha nalilipia. Kinachorudi ni visenti vya matangazo. Bando lako ni lako, sijakataa, lakini na kazi yangu ni yangu. Ukizuia nyumbani kwako hiari yako. Ukisema "lazima", unataka sheria inikate mkono. Na tovuti yangu haina vitufe vya uongo.

Mwenye steshenari

Una uhakika? Matangazo hayo umeyachagua wewe? Nafasi ile huuzwa kwa mnada ukurasa unapofunguka, mara kwa kila msomaji. Anachokiona mteja wangu hapa Chake wewe huko Mjini hukioni.

Mwalimu, Wete

Namuunga mkono wa Chake. Disemba 2022 FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, wenyewe iliwashauri watu watumie vizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, kwa sababu matapeli wananunua matangazo yanayokaa juu ya matokeo, wakijifanya kampuni za kweli. Ikiwa wao wanaogopa, mtoto wa darasa la saba atajilinda na nini?

Fundi, Darajani

Ngojeni kwanza, kabla ya haki na wizi. Wa Chake, hizo kompyuta hazikuwa na kizuizi siku hiyo?

Mwenye steshenari

Aibu yangu. Vilikuwepo, tena vitatu kwa kila mashine, kila mteja mjuzi akiongeza chake. Matangazo yanapita vile vile, na mashine imekuwa nzito kuliko zamani. Ukifungua vichupo (kurasa) vitano inaganda.

Fundi, Darajani

Nilijua. Fungua Chrome, kivinjari cha Google, bonyeza Shift na Esc pamoja. Utaletewa orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi (viprogramu vya kuongezea kwenye kivinjari, kama hivyo vizuizi), na memori kinayokula. Hapo humsingizii mtu.

Kila kizuizi kinabeba orodha yake ya kanuni, maelfu kwa maelfu. Ukiweka vitatu umebeba orodha zile zile mara tatu, na vinagombana: kimoja kinaficha kitu, chengine kinakiachia, tovuti inagundua unazuia na kukufungia mlango. Bakisha kimoja.

Kwa nini yanapita? Google wamebadilisha kanuni za viendelezi. Zamani kizuizi kilisimama mlangoni, kinalikagua kila ombi na kuamua chenyewe. Sasa kinamkabidhi Chrome orodha mapema, na Chrome ndiye anayezuia. Vya mfumo wa zamani walianza kuvizima 2024, na 2025 wakavimaliza. uBlock Origin, kizuizi wengi walichokizoea, imezimika humo. Iliyobaki ni ile ya Lite, nyepesi kwa memori lakini haina nguvu zote za mama yake. Ukitaka nzima, weka Firefox, kivinjari chengine, huko bado inafanya kazi.

Na mwenye tovuti naye asikie hili. Tangu 2018 Chrome huipa kila tovuti chumba chake cha memori, kwa usalama, kama fleti za Michenzani. Tangazo linalotoka tovuti nyengine nalo hupewa fleti yake. Ukurasa mmoja wa habari, wapangaji kumi. Kwenye GB 4 pa kulala hapana. Kizuizi kimoja kinachofanya kazi huipunguzia mashine mzigo. Vitatu visivyofanya kazi ni mzigo juu ya mzigo.

Mwenye tovuti

Basi tuambie matangazo mepesi tuyapate wapi. Nitayaweka.

Mwenye steshenari

Nimerudi. Mashine moja nimeitoa vyote vitatu, nimeweka Firefox na uBlock Origin peke yake. Ukurasa ule wa mitihani umebaki na kitufe kimoja, kile kidogo cha buluu. Vichupo vinane vimefunguka na haikuganda. Mbili zilizobaki nazifanya usiku, inshaallah, umeme ukiwepo.

Lakini sijalegeza neno langu la "lazima". Mie nimesaidiwa na fundi wa Darajani kwa bahati tu. Mwenye duka la Mkoani asiyejua Shift wala Esc atasaidiwa na nani? Na wewe mwenye tovuti, kizuizi kina ruhusa ya tovuti moja moja. Yako nimeiruhusu.

Mwenye tovuti

Ahsante, lakini umeniruhusu kwa sababu tumebishana hapa. Ikiwa lazima kwa skuli zote, orodha ya walioruhusiwa ataishika nani? Mie nikampigie magoti nani nitiwe?

Mwalimu, Wete

Hilo gumu. Skuli kwetu ufunguo wa chumba cha kompyuta anao mtu mmoja, na nywila anaijua mwengine, amehamishiwa Unguja.