Empanada de pino: mchuzi unavuja na unga unachanika, tatizo ni nini?

Swali: Wakuu, msaada kwa empanada za Chile za kuoka (vitafunio vya unga uliojazwa na kukunjwa, kama sambusa). Mchuzi unatoboa chini, na ukingo unachanika wakati wa kukunja. Nipunguze vitunguu? Na zeituni, kokwa itolewe?

Jibu la 1: Vitunguu usiviguse, mkuu. Pino (mjazo wa nyama na vitunguu) yenye vitunguu vichache ni nyama kavu tu. Nusu kilo ya nyama iliyokatwa vipande vidogo kwa kisu, nusu kilo ya vitunguu. Ukizidisha vitunguu hakuna Mchile atakayelalamika. Vikaange kwa moto mdogo vilainike bila kuwa vya kahawia. Tia nyama, kijiko kikubwa cha paprika, kijiko kidogo cha jira, oregano na chumvi. Nyama ikiiva nyunyiza kijiko kikubwa cha unga wa ngano, mimina nusu kikombe cha supu, koroga mpaka mchuzi uwe mzito. Halafu ilaze kwenye friji usiku kucha. Pino ya vuguvugu huyeyusha mafuta ya kwenye unga kabla hata ya kuoka, na hapo ndipo chini panapolowa.

Jibu la 2: Kuchanika ni suala la unga kupoa. Kilo 1 ya unga, gramu 200 za mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, na maji ya moto yenye chumvi, ukiongeza kidogo kidogo. Kanda ungali na joto, madonge yafunike kwa taulo, sukuma moja moja, unene kama milimita 3. Weka pino, robo ya yai la kuchemsha, zeituni moja nyeusi, zabibu kavu mbili tatu. Lowesha ukingo, sukuma hewa itoke, ndipo ukunje. Paka yai, toboa kwa kijiti mvuke upate njia, oka nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 30. Kokwa kwa kawaida huachwa, ila waonye wageni wasije wakavunja meno!

Jibu la 3: Nyongeza: usikaushe mchuzi wote. Empanada hushikwa mkononi, unang'ata pembe, unafyonza mchuzi kwanza, kisha unatia pebre (kitunguu, giligilani, pilipili, mafuta na siki). Kwa sherehe za Septemba 18, sikukuu ya taifa ya Chile, wengi huteremshia divai nyekundu au chicha ya zabibu (kinywaji cha zabibu zilizochachuka). Pino ikibaki, itie kwenye bakuli la udongo, funika kwa mahindi mabichi yaliyosagwa na kupikwa na majani ya rehani, nyunyiza sukari, rudisha kwenye oveni mpaka juu pawe na rangi. Hiyo tayari ni pastel de choclo.